Ziara Yetu ya Makindu, Mji wa Reli



Twawaletea habari ya ziara tuliyoifanya Makindu kwa niaba ya chama.

Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Wazee husimulia ya kwamba Syokimau alikwisha kuitabiri kuwa joka refu litokalo baharini. Katika nyika ile kavu garimoshi halikuweza kwenda pasipo maji, na Makindu ikawa mahali pa kutuliza injini na kukaa wafanyakazi. Masingasinga walioajiriwa na reli walijenga hekalu lao mwaka 1926, na hata leo msafiri wa dini yo yote hupewa chakula humo bila malipo.

Lakini reli huleta, na reli huondoa. Ilipoupita kando mji wa Machakos, makao ya serikali yalihamishiwa Nairobi mwaka 1899. Reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 iliwekewa vituo vya abiria Mtito Andei, Kibwezi na Emali, Makindu haikupewa.

Mji wa Swindon, Uingereza, ulipatwa na jambo kama hilo. Karakana yake ya reli, iliyofunguliwa mwaka 1843, ilifungwa mwaka 1986. Hata hivyo, mwaka 2000 makumbusho yalifunguliwa katika majengo yale yale, na humo huelezwa kazi za mafundi wa kawaida, si za wakubwa peke yao.

Sisi nasi tuna makumbusho ya reli Nairobi tangu mwaka 1971. Humo imehifadhiwa injini Mount Gelai, iliyoundwa Manchester, nayo ina jina lake ubavuni. Je, majina ya wazee wetu waliokaza mataruma juani yameandikwa wapi?

Kwa hiyo twaomba kila tawi limchague mtu mwenye hati nzuri, awaendee wazee waliotumikia reli, aandike jina la kila mmoja, kazi yake, kituo na miaka yake. Wenzetu wa Kitui wasiseme ya kwamba reli haikupita kwao, kwani wana wao waliifuata kazi iliko. Picha na vyeti vinakiliwe, kisha wenyewe warudishiwe.

Chuma huweza kungoja, mzee hangoji. Twaomba mkutano huu uikubali hoja hii leo.