Vinyago vya Brasi Visisuguliwe Ovyo

Akina mama na akina baba wa vikundi, leo twaongea juu ya vinyago vya brasi, maana tumeona vizuri vikiharibiwa na usafi.

Brasi ni shaba iliyochanganywa na zinki, ndiyo hiyo ya mifereji na kufuli kuukuu. Jasho la mikono huifanya iwe nyeusi. Sasa mtu akiona weusi, mbio anachukua waya wa kusugulia sufuria! Mistari ya fundi inakwisha. Ile siwa ya shaba iliyo katika makumbusho ya Lamu, nakshi zake zingekuwa wapi?

Kinyago kipya cha kuuza kikififia, tuchanganye maji ya ndimu na chumvi kidogo, tupake kwa kitambaa laini, tusuuze upesi na kukikausha kabisa. Kisilale ndani ya ndimu: asidi hula zinki, yabaki mabaka mekundu, na hayo hayatoki kwa kufuta. Halafu nta ya nyuki kidogo tu.

Lakini cha zamani, kile cha babu, kipanguseni vumbi basi. Wanunuzi wa vitu vya kale hupenda weusi huo. Kikingʼaa kama sufuria mpya, bei inashuka.