Diski Mpya: Tuitayarishe Kabla ya Kuweka Hesabu za Kikundi



Siku hizi vikundi vingi, kuanzia Kangemi na Kawangware hadi huko vijijini, huweka hesabu zao kwa kompyuta. Diski ikijaa au ikianza kusumbua, katibu hutumwa mjini, Luthuli Avenue au Moi Avenue, kununua nyingine. Je, akirudi nayo tufanye nini? Diski mpya ni kama shamba jipya: halipandwi kabla ya kulimwa.

Kwanza, hapo dukani daini risiti, na diski iunganishwe mbele yenu. Ile ya terabaiti 1 itaonyesha gigabaiti 931 hivi. Msigombane na muuzaji. Kiwanda huhesabu kwa 1,000, Windows huhesabu kwa 1,024. Lakini ikionyesha nusu tu, irudisheni.

Pili, nakilini hesabu zenu mahali pengine kabla ya kugusa lolote. Kisha fungueni programu ya kusimamia diski iliyomo ndani ya Windows. Chagueni mpango wa GPT, maana ule wa zamani, MBR, hauvuki terabaiti 2. Halafu fomatini kwa NTFS. FAT32 hukataa faili inayozidi gigabaiti 4. Hapa macho yawe wazi! Kufomati hufuta. Someni jina na ukubwa wa diski mara mbili, msije mkafuta ile yenye akiba ya watu. Mkipata nafasi, fanyeni fomati kamili. Huchukua saa nyingi, lakini hukagua diski nzima kama ina sehemu mbovu. Angalieni tu stima isipotee katikati.

Tatu, mkishanakili faili, zifungueni. Jumla ya akiba ni ile ile? Basi wekeni nakala nyingine nyumbani kwa mweka hazina, mbali na ofisi. Mwizi au moto ukija, hautachukua zote.

Mwisho, msiuze diski ya zamani ovyo. Ina majina na nambari za vitambulisho vya wanachama, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka tuzilinde. Fomati ya haraka haifuti kabisa. Fundi anaweza kuzirudisha.

Wazee walisema akiba haiozi. Diski huoza, ndugu zangu. Kwa hivyo tusitegemee moja. Haya, nani ana swali?