Simu Mpya, Vitu vya Zamani: Namna ya Kuvirudisha

Haya ni maneno ya afisa wa mawasiliano wa kaunti alipozungumza na wakazi katika ukumbi wa wadi.

 

Mwaka jana nilinyakuliwa simu dirishani mwa matatu. Nikanunua nyingine, nikaingia kwa akaunti yangu, na baada ya saa moja hivi namba za watu zikarudi, programu zikarudi, hata nywila ya Wi-Fi ya ofisini ikarudi. Nikafurahi. Kisha nikafungua WhatsApp: tupu. Nafasi yangu ya hifadhi ilikuwa imejaa kwa miezi. Simu ilikuwa ikiniarifu, nami nikiifuta arifa hiyo kila asubuhi kama mtu anayefukuza inzi. Sauti za marehemu baba, zile za kuniuliza kama nimekula, zilikuwa mle. Hazikurudi.

Kwa hivyo leo basari na barabara zitangoja kidogo.

Wingu tunalosikia si la angani. Ni kompyuta za kampuni, ambako nakala ya vitu vya simu yako huwekwa kupitia intaneti. Kwa simu za Android, ambazo wengi wetu tunazo, mlango wake ni akaunti ya Google, na unapewa GB 15 bila malipo. Barua pepe, picha na faili zako hugawana nafasi hiyo, na siku hizi hata nakala ya WhatsApp. Wenye iPhone hupewa GB 5 za iCloud.

Tatizo ninaloliona zaidi ofisini si nafasi. Mtu anakuja na simu mpya, namuuliza, "Akaunti yako ni ipi?" Ananijibu, "Sijui, kijana wa duka ndiye aliyenifungulia." Kijana amehama na nywila ameenda nayo. Mama mmoja, mweka hazina wa chama, alikuwa amepiga picha kila ukurasa wa daftari la michango, na daftari lenyewe lilikuwa limelowa. Nakala yake huenda iko kule mpaka leo. Tulijaribu mchana kutwa, hatukuingia. Ilimbidi aende kwa wanachama mmoja mmoja akiuliza, "Wewe ulikuwa umetoa ngapi?" Mnajua maswali ya namna hiyo yanavyopokelewa.

Basi leo jioni fungua Mipangilio, gusa Google, tafuta Hifadhi nakala. Kama simu yako ni ya Kiingereza, ni Settings, Google, Backup. Soma ni akaunti gani imeandikwa pale. Kama nywila huijui, ibadilishe sasa ukiwa bado una simu mkononi. Iandike kwenye karatasi uiweke palipo na hati ya shamba, si ndani ya kava ya simu. Nimeona hilo pia.

Halafu tazama tarehe ya nakala ya mwisho. Kwa kawaida nakala hufanyika simu ikiwa kwenye chaji, imetulia, tena iko kwenye Wi-Fi. Anayeishi kwa bando la siku anaweza kukuta haijawahi kufanyika. Kuna kitufe cha kuhifadhi sasa hivi. Kibonyeze siku ukipata Wi-Fi. Picha zina swichi yao ndani ya Google Photos, na WhatsApp ina yake katika mipangilio yake ya gumzo. Ukiwasha moja usidhani umewasha zote.

Simu ikipotea, anza na laini. Ifunge, kisha ukairudishe kwa kitambulisho chako. Pesa za M-Pesa haziko ndani ya simu, ziko kwenye akaunti ya laini yako, lakini mwizi mwenye laini na PIN ni hatari. Laini pia ndiyo itakayopokea namba za uthibitisho za Google na WhatsApp, kwa hivyo bila hiyo unaweza kukwama mlangoni.

Ukiwasha simu mpya mara ya kwanza, itakuuliza kama unataka kurudisha vitu vya simu ya zamani. Hapa ndipo wengi hubonyeza "ruka" kwa haraka ya kutaka kupiga simu, na baadaye hulazimika kufuta kila kitu na kuanza upya. Usiruke. Ingia kwa akaunti ileile, chagua nakala kwa jina la simu na tarehe. Inaweza kukuuliza PIN uliyokuwa ukifungulia simu ya zamani, basi usiisahau. Iache kwenye chaji na Wi-Fi, maana programu hupakuliwa upya na bando litaisha kabla hujafika nusu. Programu za benki zitakutaka uingie upya.

Nakala ya Android mpya inaweza kukataa kwenye simu yenye Android ya zamani zaidi, na haifunguki kwenye iPhone. Na usikae sana: simu ya zamani isipotumika kwa siku 57, Google inaweza kuifuta nakala yake, isipokuwa picha.

Nitakaa kwenye ile meza karibu na mlango hadi saa kumi. Njoo na simu yako tuangalie tarehe ya nakala pamoja. Nywila usinitajie, iandike mwenyewe.