Kabla ya kuilaumu darubini, hesabu Kilimia



Mtu hununua darubini kwa fedha nyingi, akaipandisha juu ya nyumba yake Mji Mkongwe, akachungulia, akaona weupe mtupu. Papo hapo huitia ila darubini. Mara nyingi darubini haina kosa. Kosa ni la taa za mji.

Kuna kipimo cha mwanga kisichouzwa dukani. Nacho ni Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho jina lake latokana na kulima, kwa kuwa wazee walikitazama kujua majira. Jioni za Desemba hadi Machi, kaa kizani nusu saa ili jicho lizoee, kisha uhesabu bila ya darubini. Ukipata nyota sita, mbingu ni njema. Ukiona kama kijiwingu tu, mwanga umezidi. Hesabu tena kila baada ya muda, maana mwezi ukichomoza au utando wa wingu ukipita, hali hubadilika. Tochi yako ifunike karatasi nyekundu.

Na ikiwa Kilimia chaonekana vyema kwa macho, lakini ndani ya darubini mna ukungu? Hapo shuku umande. Hewa ya Unguja ina unyevu wa bahari, nao hutanda juu ya kioo. Usiufute kwa kanga, utakikwaruza kwa chumvi na mchanga. Inamisha darubini chini, ukipepee, na safari nyingine uivishe mdomoni mkono wa karatasi nyeusi. Huo huzuia umande, na pia taa ya jirani.

Mnakumbuka kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilipokosa umeme unaopita chini ya bahari kutoka Bara. Ilikuwa taabu kwa hospitali, maji na biashara, na hakuna anayeiombea irudi. Lakini palipokuwa hapana jenereta, watu waliiona mbingu waliyoijua bibi zetu.

Si lazima tukose taa ndipo tupate nyota. Taa ya njiani iliyofunikwa kwa juu humulika miguu ya mpita njia, wala haipotezi umeme kumulika mawingu. Tusipoziinamisha taa zetu, mtoto wa mjini atalisikia jina la Kilimia kama la mtu wa hadithi.

Hadi wiki ijayo, usiku mwema.