Jicho la Kwanza na Daftari: Tuwachagueje Vijana wa Mfuko wa Elimu?

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya jamaa, kikao cha Jumamosi mchana)



Kwanza natoa shukurani kwa Kamati ya Maandalizi kwa kunipa fursa hii, na kwa kutukusanya tena sisi tuliotawanyika kama sufi penye upepo. Wengine wametoka Maskati na Dubai, wengine Toronto, na wengine wamesafiri usiku kucha kutoka Mombasa na Unguja. Msafiri wa mbali hastahiki kuchoshwa kwa maneno mengi, kwa hiyo nitajitahidi kufupisha.

Mada yangu yatokana na jambo litakaloamuliwa kesho katika mkutano mkuu. Mfuko wetu wa Elimu unao uwezo wa kuwasomesha vijana wawili tu mwaka huu, na waliopeleka maombi ni wengi zaidi ya hao. Tangu mwezi uliopita jamaa wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza, nalo lina wazee wengi, lasema vijana waitwe mbele ya kioo cha kompyuta, wazungumze nasi dakika kumi kila mmoja, na mtu mzima akimtazama mtoto atamjua. Nyota njema huonekana asubuhi. Kundi la pili, lenye vijana wetu wanaofanya kazi za hesabu na kompyuta, lasema tuchukue alama za mitihani, tuzitie katika kanuni moja, na jina litakalotoka juu ndilo hilo. Nao wana methali yao: mali bila daftari huisha bila habari.

Kila kundi limeleta na kitabu. Nimevisoma vyote viwili, na naona havisemi yale yanayosemwa kwa niaba yao.

Kitabu cha kundi la kwanza ni Blink, cha mwandishi Malcolm Gladwell, kilichotoka mwaka 2005. Kinafunguliwa kwa kisa cha sanamu. Mwaka 1983 jumba la makumbusho la Getty, California, lililetewa sanamu ya marumaru ya kijana, iliyosemekana kuwa kazi ya Wayunani wa kale, kwa bei iliyokaribia dola milioni 10. Mtaalamu wa miamba aliupima uso wa jiwe kwa mitambo, akaona lina dalili za uzee wa karne nyingi, na jumba likainunua. Lakini wajuzi kadhaa wa sanaa, kila walipoitupia jicho mara ya kwanza, walihisi kuna kasoro hata kabla hawajaweza kueleza ni kasoro gani. Baadaye kibao chake kikaandikwa kuwa hiyo ni kazi ya yapata mwaka 530 K.K., au ni bandia ya zama hizi. Mwaka 2018 ikaondolewa katika maonyesho.

Kisa hiki ndicho kinachosimuliwa na wanaotaka tuamini jicho. Yapasa tuulize: jicho la nani? Waliotilia shaka sanamu ile hawakuwa wapita njia. Walikuwa watu waliotumia umri wao wote wakitazama sanamu za namna hiyo, moja baada ya moja. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Tena liko jambo ambalo wasimulizi hulipita haraka, nami kama karani wa zamani silipiti. Sanamu ile ilikuja na barua za kuthibitisha asili yake. Barua moja, iliyoandikwa kuwa ni ya mwaka 1952, ilikuwa na namba ya posta ambayo haikuanza kutumika hadi mwaka 1972. Nyingine, ya mwaka 1955, ilitaja akaunti ya benki iliyofunguliwa mwaka 1963. Maana yake ni kwamba kasoro haikuonekana kwa jicho peke yake. Ilikuwamo pia katika jalada, ikimngojea mtu mwenye subira.

Kadhalika, Gladwell mwenyewe ametenga sura nzima juu ya Warren Harding, aliyechaguliwa rais wa Marekani mwaka 1920. Bwana huyu alikuwa na umbo la kupendeza na sauti nzito, na kila aliyemwona alisema huyu ndiye rais. Wanahistoria wengi humweka miongoni mwa marais dhaifu wa nchi ile. Kwa hiyo kitabu kinachodaiwa kulisifu jicho kinatuonya pia juu yake, kwa anayekisoma hadi mwisho.

Kitabu cha kundi la pili ni Moneyball, cha Michael Lewis, kilichotoka mwaka 2003. Chaeleza habari za timu ya besiboli ya Oakland, iliyoongozwa na Billy Beane. Timu ile ilikuwa na mishahara ya takriban dola milioni 40 kwa mwaka, na wenzao wa New York walikuwa na zaidi ya dola milioni 120. Wasaka vipaji wa mchezo ule walizoea kumpima kijana kwa umbo lake, mwendo wake, hata sura yake. Oakland wakaanza kutazama hesabu: mchezaji huyu, aliye mnene au mwenye mwendo wa ajabu, ni mara ngapi hufika kituo cha kwanza? Mwaka 2002 walishinda michezo 103, sawa na matajiri wa New York, na katika hiyo 20 walishinda mfululizo.

Vijana wetu husema: mwaona? Hesabu hushinda jicho. Ni kweli, na haikuanzia katika besiboli. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Paul Meehl wa Minnesota alikusanya tafiti zipatazo 20 zilizolinganisha makadirio ya wataalamu na kanuni nyepesi za hesabu, na karibu zote zilionyesha kwamba kanuni zililingana na wataalamu au ziliwapita. Lakini hesabu za besiboli zina daftari la zaidi ya miaka mia, na kila timu hucheza michezo 162 kwa msimu. Sisi tumesomesha watoto wangapi? Wanahesabika kwa vidole. Kwa idadi hiyo hakuna mtaalamu wa takwimu duniani awezaye kututungia kanuni ya kutegemewa.

Wala kanuni kubwa si lazima iwe ya haki. Wengi wenu mnaoishi Uingereza mnakumbuka Agosti 2020. Mitihani ilikuwa imefutwa kwa sababu ya Uviko-19, na alama za wanafunzi wa kidato cha mwisho zikapangwa kwa kanuni iliyozingatia matokeo ya miaka ya nyuma ya shule zao. Matokeo yalipotoka tarehe 13, kiasi cha alama nne katika kila kumi zilizokadiriwa na walimu zilikuwa zimeteremshwa. Mtoto hodari katika shule yenye historia duni alibebeshwa historia hiyo. Ilipofika tarehe 17 serikali ikaiacha kanuni ile. Basi na sisi tukitazama alama tupu, aliyesoma katika shule isiyo na maabara wala maktaba atapimwa sawasawa na aliyekuwa na mwalimu wa ziada kila jioni, na hesabu haitatuambia tofauti hiyo.

Je, ni lini jicho la kwanza laaminika? Mwaka 2009 wataalamu wawili waliandika makala pamoja juu ya suala hili. Mmoja alikuwa Daniel Kahneman, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002 na kufariki mwaka 2024, ambaye kwa miaka mingi alizitilia shaka hukumu za haraka. Wa pili alikuwa Gary Klein, aliyewachunguza wazimamoto na kustaajabia namna wanavyoamua papo hapo wakapatia. Walidhani watahitilafiana, wakajikuta wanakubaliana. Walisema hisi ya mtu yaaminika panapokuwa na mambo mawili: kwanza, shughuli yenyewe iwe na utaratibu unaojirudia, pili, mtu awe ameizoea muda mrefu huku akipata jibu la wazi kila anapopatia na kila anapokosea.

Wazee wangu, hayo si mageni kwetu. Nahodha wa jahazi aliyekulia katika kusi na kaskazi hutazama wingu moja akaamuru tanga lipunguzwe, na abiria hawajaona kitu. Mchuuzi wa samaki hutazama jicho na mashavu ya samaki akajua ni wa leo au wa jana. Hawa tuwaamini, kwa kuwa bahari na soko viliwasahihisha kila siku. Mchuuzi akikosea, mteja humrudishia samaki jioni ile ile.

Kuchagua kijana wa kusomeshwa hakuko hivyo. Jibu lake huja baada ya miaka minne au mitano. Na lililo zito zaidi ni hili: yule tuliyemkataa hatupati jibu lake kabisa. Aliyechaguliwa akifaulu, twasema jicho letu halikukosea. Aliyekataliwa huenda angefaulu kuliko yeye, lakini hayumo katika hesabu zetu, wala hapana atakayekuja kutusahihisha. Mtu aweza kukaa katika kamati miaka thelathini akazidi kujiamini bila kuzidi kujua.

Nayasema haya pia kwa niliyoyaona kazini. Nilitumikia serikali ya Tanzania miaka tisa kabla ya kuhamia Uingereza, na huku nikafanya kazi katika halmashauri ya mtaa hadi kustaafu. Katika usaili mmoja wa miaka yangu ya mwanzo hapa, mwenyekiti wa jopo alilifunga jalada langu kabla sijamaliza kujibu swali la kwanza. Swali lake la pili lilikuwa ni wapi nilijifunza Kiingereza. Vyeti vyangu vilikuwa ndani ya jalada lile, naye hakulifungua tena. Hakuwa mtu mwovu. Aliiamini tu sekunde yake ya kwanza. Wengi mlioketi hapa mna kisa cha namna hiyo. Basi itakuwa ajabu sisi tuliotendewa hivyo tuwatendee hivyo watoto wetu wenyewe.

Mfikirieni binti aliyelelewa Pemba au Lamu. Amefundishwa kutomkodolea macho mkubwa wake na kutomdakiza maneno. Mfikirieni na mwenzake aliyelelewa London au Toronto, aliyefundishwa kumtazama mtu usoni na kujieleza bila woga. Wote wawili wana adabu, kila mmoja kwa namna ya kwao. Tukiwaweka mbele ya kioo dakika kumi, na mtandao wa yule wa kwanza ukikatika mara mbili, tutamwona amesita, hana jibu. Tutakuwa tumepima malezi na mtandao, tukidhani tumepima akili. Na wahenga walikwisha tuonya kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu.

Njia ya katikati ipo, na ina umri mkubwa kuliko wengi wetu. Mwaka 1955 Kahneman, akiwa kijana wa miaka 21 katika jeshi la nchi yake, Israel, alipewa kazi ya kurekebisha usaili wa askari wapya. Usaili wa zamani, ambao msaili alitoa hukumu yake ya jumla, haukusaidia karibu kitu. Aliwaagiza wasaili wapime sifa sita, moja moja, kwa maswali ya mambo yaliyokwisha tendeka, na kila sifa ipewe alama yake kabla ya kwenda kwenye nyingine. Wasaili walinung'unika kwamba wanageuzwa mashine. Akawaambia: mkimaliza kupima sifa zote, fumbeni macho, mseme moyo wenu waonaje. Matokeo yalikuwa bora kuliko zamani, na hukumu ile ya moyo, iliyotolewa mwishoni, ilifaa sawa na jumla ya alama sita. Hilo ndilo ninalotaka mlichukue. Moyo usinyamazishwe, ila usitangulie.

Wala hatuhitaji mtambo. Daktari Virginia Apgar wa New York alichapisha mwaka 1953 kipimo cha mtoto mchanga chenye dalili tano tu: mapigo ya moyo, pumzi, nguvu ya misuli, kuitikia anapoguswa, na rangi ya mwili. Kila dalili hupewa 0, 1 au 2. Mkunga hukijumlisha kichwani, na hadi leo hutumika duniani kote.

Kwa hiyo naleta mapendekezo yafuatayo kwa ajili ya kura ya kesho.

Kwanza, kila ombi lipimwe kwa mambo matano: matokeo ya shule yakilinganishwa na ya wenzake wa shule ile ile, bidii iliyoonekana kwa vitendo, barua ya mwalimu, mpango wa masomo na gharama zake, na uhitaji wa nyumba anayotoka. Kila jambo lipewe 0, 1 au 2.

Pili, kila mjumbe aandike alama zake peke yake kabla ya kikao, ili sauti ya mkubwa isizimeze za wadogo. Mwenye mtoto au mjukuu katika maombi akae pembeni.

Tatu, mazungumzo ya kwenye kioo yawepo, lakini baada ya alama kuandikwa. Maswali yawe yale yale kwa wote, na mtoto achague lugha. Hapo ndipo wazee waseme mioyo yao yaonaje, na sababu zao ziandikwe.

Nne, tuweke daftari la waombaji wote, pamoja na tuliowakataa. Baada ya miaka mitano tumpigie simu kila mmoja tumwulize amefika wapi. Daftari hilo ndilo litakalolisomesha jicho letu.

Nakala za mapendekezo haya ziko kwenye meza ya mlangoni, kwa Kiswahili na Kiingereza. Naomba kila mwakilishi wa tawi achukue yake na kuisoma usiku huu, na mwenye pingamizi amwone Katibu kabla ya chakula cha asubuhi.