Programu Inayojua Kuwa Inachunguzwa



Ukipokea faili usilolijua, kompyuta hulikagua na sekunde chache baadaye hukuambia ni salama. Jioni hii nawaomba tuulize jibu hilo limepatikanaje. Waandishi wa programu hasidi walikwisha kuliuliza swali hilo zamani, tena kwa bidii kubwa kuliko sisi tunaolitegemea jibu lake.

Kinga za mwanzo zilitafuta alama: kipande cha msimbo kilichotolewa katika kirusi kilichokwisha kunaswa. Lakini Brain, kirusi kilichotoka Lahore, Pakistan, mwaka 1986, tayari kilijua kudanganya. Ukiomba kusoma sekta ya kwanza ya diski iliyoambukizwa, chenyewe kilidaka ombi lako, kikakuonyesha nakala ya sekta safi iliyokuwapo kabla yake. Mwaka 1990 Mark Washburn wa Marekani akatengeneza kirusi kinachobadili sura kila kinapojinakili, na alama ikapoteza sehemu kubwa ya nguvu zake.

Katika miaka hiyohiyo ya 1980, mtafiti Fred Cohen alikuwa ametoa hoja ambayo kila mwanafunzi wa kompyuta anapaswa kuitafuna polepole. Tuseme kuna mkaguzi kamili, asiyekosea kamwe. Basi mimi naandika programu inayomwuliza mkaguzi huyo habari zake yenyewe. Akisema, “Hiki ni kirusi,” programu inatulia, haifanyi lolote. Akisema, “Hii ni safi,” inaanza kuambukiza. Jibu lolote atakalotoa litakuwa kosa. Kwa hiyo mkaguzi kamili hayupo, na hatakuwapo hata tukinunua mashine zenye kasi namna gani.

Wengi huisoma hoja hiyo kama mchezo wa wanahisabati. Mimi naiona kazini kila siku. Alama ziliposhindwa, tulianza kuziendesha programu zinazotiliwa shaka ndani ya mashine pepe, kompyuta ya kuigiza iliyotengwa na mtandao wa kazi, tukitazama zinafanya nini. Nazo zikajifunza kuuliza: je, natazamwa? Zinaangalia kama kipanya kinasogea, kama diski ni ndogo kupita kawaida, kama kuna nyaraka zilizofunguliwa karibuni. Zikihisi uchunguzi, zinatulia, kama dereva wa daladala aliyewashiwa taa na mwenzake kwamba trafiki yuko mbele. Mwendo anaouona trafiki si mwendo uliotumika njia nzima.

Wakati mwingine hila hiyo humgeukia mwenyewe. Tarehe 12 Mei 2017, WannaCry ilisambaa duniani, ikafunga mafaili ya watu na kudai fidia, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu. Kabla ya kushambulia, programu hiyo ilijaribu kufikia anwani moja ndefu ya intaneti isiyokuwa na mwenyewe. Ikijibiwa, ilijizima. Kijana Mwingereza, Marcus Hutchins, aliisajili anwani hiyo siku hiyohiyo, na kasi ya maambukizi ikavunjika. Maelezo aliyoyatoa yananiridhisha: baadhi ya mashine za uchunguzi huitikia anwani yoyote, hata isiyokuwapo, ili programu isishtuke, kwa hiyo kujibiwa kulikuwa ishara ya kutazamwa. Kosa la waandishi lilikuwa kutumia anwani ileile kila mahali. Iliposajiliwa, kila kompyuta yenye intaneti ikafanana na maabara.

Waliovamia kampuni ya SolarWinds ya Marekani hawakufanya kosa la namna hiyo. Waliingiza msimbo wao ndani ya masasisho ya Orion, programu ya kusimamia mitandao, na kuanzia Machi 2020 masasisho hayo yakatoka yakiwa na saini halali ya kampuni. Takriban wateja 18,000 waliyapokea. Msimbo ulilala hadi wiki mbili, ilhali mashine ya uchunguzi hulitazama faili kwa dakika chache tu. Ulipoamka ulihakikisha kwamba uko katika mtandao wa taasisi, ukapitia orodha ya zana za wachunguzi, na ukiikuta mojawapo uliacha kazi. Mawasiliano yake yalivikwa sura ya mawasiliano ya kawaida ya Orion.

Uvamizi huo ulitolewa hadharani mwezi Desemba na FireEye, kampuni ya usalama ambayo nayo ilikuwa imevamiwa. Uchunguzi wake ulianzia kwenye jambo dogo: simu ya pili ilikuwa imesajiliwa kwenye akaunti ya mfanyakazi mmoja. Akaulizwa kama ni yake. Akasema hapana.

Nasisitiza mfano huo kwa sababu taasisi zetu hununua programu ya kinga, kisha hazimwajiri mtu wa kuuliza swali kama lile. Zana tuzitumie, na mashine za majaribio tuzifanye zifanane na ofisi zenye watu, maana programu inayohangaika kujua iko wapi inaacha nyayo zinazosomeka. Ila kutoka Machi, masasisho yale yalipoanza kutoka, hadi Desemba uvamizi ulipofichuliwa ni miezi tisa. Taasisi inayofuta kumbukumbu za seva zake kila baada ya miezi mitatu isingeweza kujua mvamizi aliingia siku gani, wala aligusa nini kabla ya hapo. Ombi langu la kwanza kwa wakuu wa vitengo vya TEHAMA mlio hapa ni bajeti ya kuhifadhi kumbukumbu hizo kwa mwaka mzima, na la pili ni mtu wa kuzisoma.