Dhahabu, Zebaki na Ahadi ya Kurudi
(Hotuba ya mtafiti wa afya mbele ya waumini na majirani katika maadhimisho ya hekalu)



Mmeniomba nieleze siku moja ya mtafiti wa tiba. Nitawapeleka Geita, kwenye mialo ya kuchenjulia dhahabu.

Kabla ya jua kuchomoza tunapakia kasha la barafu, vikombe vya mkojo na fomu za ridhaa. Tukifika hatuanzi na vipimo. Tunabisha hodi kwa mwenyekiti wa kijiji na kueleza tulichofuata. Ndipo tunawaona wachimbaji wadogo wakichanganya unga wa mawe na zebaki kwa mikono mitupu, kisha wakilichoma donge kwenye makaa. Zebaki hupaa, dhahabu hubaki. Mvuke huo hauonekani, lakini huvutwa na anayechoma, na vilevile na mtoto aliye mgongoni mwa mamaye. Hudhuru ubongo na figo. Mikono huanza kutetemeka. Mkojo hutuonyesha mvuke uliovutwa. Nywele hutuonyesha zaidi zebaki iliyopitia katika samaki, kama ile iliyowalemaza watu wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa huo ulitambuliwa mwaka 1956.

Usiku ni wa kuhakiki fomu na namba, moja baada ya nyingine.

Siku moja mama mmoja alinirudishia kikombe kitupu. Akasema, "Walikuja wengine kabla yako, mwanangu. Walichukua, hawakurudi." Sikuwa na la kujibu. Tangu hapo nimejiwekea sharti: sichukui sampuli bila kutaja tarehe ya kuleta majibu. Nilirudi kijijini pale siku niliyoitaja, nikiwa na majibu ya jirani zake. Safari ile alikijaza kikombe.

Ndugu zangu, miongoni mwenu wapo masonara, na hakuna nyumba isiyomvalisha bibi arusi dhahabu. Nawasihi mumuulize anayewaletea: imechomwa wapi, na kwa chombo gani? Kipo chombo cha chuma kilichofungwa, kinachounasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki. Tena, dhahabu ya mchimbaji ikiyeyushwa dukani hutoa zebaki iliyosalia; msiiyeyushe ndani, penye watoto na wafanyakazi.

Hekalu hili limedumu kwa sababu waliolijenga walitimiza ahadi zao. Nasi watafiti tuombeeni tutimize yetu.